Buck wa Klondike: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu The Call of the Wild na filamu zake

Maswali haya yametoka kwa watu niliosoma nao hadithi hii kwa miaka kadhaa: wanafunzi, wapwa zangu, na watu wazima waliokutana na mbwa Buck kwanza kwenye televisheni. Jina la kitabu hiki cha Jack London, The Call of the Wild, mimi hulitafsiri Mwito wa Mwitu. Nakipenda kuliko filamu yoyote iliyotokana nacho, na sababu zangu nitazitaja. Kama hutaki kujua mwisho wa hadithi kabla ya kuisoma, ruka swali la mbwa mwitu na swali la mwisho.

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Buck ni jibwa la ratili 140, yaani kilo 63 na ushee. Baba yake ni Saint Bernard, aina ya mbwa wakubwa sana, mama yake ni mbwa wa kuchunga kondoo kutoka Uskoti. Anaishi kwa raha mustarehe kwa Jaji Miller, katika bonde la Santa Clara, California. Mwaka 1897 msaidizi wa mtunza bustani, Manuel, aliyezongwa na madeni ya bahati nasibu, anamtoa usiku kama wanaokwenda kutembea tu, kisha anamuuza. Mbwa anapakiwa kwenye treni, haelewi kinachoendelea. Huko Seattle mwanamume mwenye sweta jekundu anamtwanga kwa rungu, anaanguka, anainuka, anatwangwa tena, mpaka linamwingia: mwenye rungu ndiye mwenye amri.

Kutoka hapo anapelekwa Alaska na kufungwa kwenye sleji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji. Anapita mikono mingi. Kwanza Perrault na François, wanaopeleka barua za serikali ya Kanada, ambao walimnunua kwa dola 300. Kisha msafara mwingine wa barua. Kisha Hal, Charles na Mercedes, watu watatu wasiojua lolote kuhusu baridi ya huko wala mbwa. Mwisho ni John Thornton, anayemnyang'anya kutoka kwenye kipigo cha Hal wakati mbwa amebakia mifupa. Thornton ndiye binadamu pekee ambaye Buck anampenda kweli. Wakati huohuo kuna sauti inayomwita kutoka msituni, na kila usiku inazidi kusogea.

Nani aliandika, na lini?

Jack London, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1876 na kufariki mwaka 1916 akiwa na miaka 40 tu. Alianza kuandika Desemba 1902 akidhani ni hadithi fupi ya maneno 4,000. Ikamponyoka mkononi. Alipoweka kalamu chini mapema mwaka uliofuata ilikuwa imefika maneno 32,000 hivi. Jarida la Marekani la Saturday Evening Post lililipa dola 750 na kuitoa kwa sehemu Juni na Julai 1903. Kampuni ya Macmillan ikanunua haki za kitabu kwa dola 2,000 za mkupuo mmoja. Nakala 10,000 za mwanzo ziliisha haraka, na kitabu kimechapwa tena na tena tangu hapo, lakini mwandishi alikuwa ameshauza. Hakupata mrabaha.

Ni kisa cha kweli?

Buck ni wa kubuni, lakini ana asili. London alikwenda Klondike, eneo la dhahabu kaskazini-magharibi mwa Kanada, mwaka 1897, na akiwa Dawson, mji wa hukohuko, alifahamiana na ndugu wawili wa ukoo wa Bond waliokuwa na mbwa mkubwa, mchanganyiko wa Saint Bernard na mbwa wa kuchungia. Huyo ndiye kielelezo cha Buck. Baba yao, naye jaji, alikuwa na shamba Santa Clara, na nyumba ya Jaji Miller imechorwa kutokana na shamba hilo.

Mambo mengine aliyachukua kwenye kitabu cha mmisionari Egerton Young kuhusu mbwa wake wa kaskazini, kilichotoka mwaka 1902. Aliposhutumiwa kwamba ameiba, London alikiri waziwazi kwamba alikitumia kama chanzo cha habari.

Mazingira ni ya kweli kabisa. Dhahabu ilipatikana Agosti 1896 kwenye kijito ambacho baadaye kiliitwa Bonanza. Habari zilipofika bandari za Marekani Julai 1897, watu wapatao 100,000 wakaanza safari, na zaidi ya nusu hawakufika. Wachimbaji wadogo wa Geita wana neno lao kwa hali hii, rashi: fununu inatoka, na kabla ya alfajiri watu wameshahama na sufuria zao. Klondike ilikuwa rashi ya dunia nzima, tena kwenye baridi ya kuua. Polisi wa Kanada walitaka kila mtu aingie na akiba ya karibu mwaka mzima, takriban tani moja ya mzigo, na watu waliipandisha mgongoni, awamu kwa awamu, juu ya mlima wa Chilkoot. London alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani mwaka 1898 na kiseyeye badala ya utajiri. Kibanda alichoishi majira hayo ya baridi kilikuja kutambuliwa miaka ya 1960, magogo yake yakagawanywa, na sasa kuna vibanda viwili: kimoja Dawson, kingine Oakland, California, kila kimoja kikiwa na nusu ya magogo ya asili.

Kwa nini mbwa? Farasi hawakuwepo?

Walikuwepo, na walikufa. Kwenye White Pass, njia nyingine ya milimani ya kwenda Klondike, walikufa farasi wapatao 3,000, mpaka njia ikaitwa ya farasi wafu. Farasi anataka majani, na kwenye theluji hakuna majani. Mbwa anakula samaki mkavu, na samaki huyo anabebwa kwenye sleji ileile anayoivuta. Buck alipewa ratili moja na nusu ya samoni kwa siku kwa sababu ya ukubwa wake, wenzake ratili moja, na bado njaa haikumwisha. Ndiyo maana mbwa mwenye mwili wa California akawa bidhaa ya kuibwa.

"Mbwa mwitu" wanaomwita Buck ni hawa wa Ruaha na Serengeti?

Hapana, na hapa Kiswahili chetu kinatuponza. Tunatumia jina moja kwa wanyama wawili. Mbwa mwitu wa Afrika, mwenye madoa, masikio ya duara na vidole vinne tu miguu ya mbele, ni binamu wa mbali wa mbwa wa nyumbani, na hawawezi kuzaliana. Mbwa mwitu wa kaskazini ndiye aliyemzaa mbwa, na mpaka leo wanaweza kuzaa pamoja.

Bila kuijua tofauti hiyo, kiini cha hadithi kinakupita. Buck haendi kwa wageni. Anarudi kwa mababu. Kurasa za mwisho zinasema kwamba wenyeji walianza kuona mbwa mwitu wenye mabaka ya kahawia kichwani na mstari mweupe kifuani. Hao ni watoto wa Buck. Msomaji mwenye picha ya mbwa mwitu wa Serengeti kichwani ataipita sentensi hiyo bila kujua amesoma nini. Mimi nikisimulia kwa sauti husema kwanza, "mbwa mwitu wa nchi za theluji", kisha naendelea.

Kile kisa cha magunia ya unga kikoje? Kila mtu anakitaja.

Ni sura ninayoirudia mara nyingi kuliko zote, kwa hiyo niruhusu nichukue muda.

Ni majira ya baridi, Dawson, ndani ya baa ya Eldorado. Wanaume wanatambiana mbwa. Mmoja anasema wake anaweza kuianzisha sleji ya ratili 500 na kuondoka nayo, wa pili anasema 600, Matthewson anasema 700. Thornton anaropoka kwamba Buck anaweza 1,000, yaani kilo 450, na kutembea nazo yadi 100. Matthewson anaweka dau la dola 1,000 kwamba hawezi, na anatupa mezani mfuko wa vumbi la dhahabu. Anayo sleji nje tayari, ina magunia 20 ya unga wa ngano. Thornton hana hizo dola 1,000. Anakopa kwa rafiki aliyekuwa humohumo ndani. Imani yake kwa mbwa ni kubwa, lakini uzito kama huo hajawahi kumjaribisha, na moyoni anaogopa.

Nje kuna baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, kama 51 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Sleji imesimama saa kadhaa, na mbao zake za chini zimegandamana na theluji. Unazuka ubishi: je, "kuianzisha" maana yake Thornton anaruhusiwa kuzibandua kwanza mbao hizo? Mashahidi wanaamua hapana, Buck aing'oe kutoka kwenye barafu ileile. Papo hapo watu wanaanza kuweka dau tatu kwa moja dhidi yake.

Thornton anapiga magoti, anakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili, na kumnong'oneza, "Kama unavyonipenda, Buck." Buck anashika kwa meno mkono wake uliovaa glavu, anaubana, kisha anauachia polepole. Hakuna neno jingine. Kisha inakuja amri ya kulia. Buck anajitupa kulia kwa nguvu, na chini ya sleji panasikika mchakariko. Amri ya kushoto. Anajitupa kushoto, mchakariko unakuwa mlio wa kukatika, sleji inajizungusha kidogo na mbao zinateleza kando. Imebanduka. Aliyewahi kunasua gari kwenye tope la masika anaijua mbinu hii: hulisukumi moja kwa moja, unalitikisa kwanza. Ndipo inapokuja amri ya kwenda. Kifua cha Buck kinashuka karibu kugusa ardhi, makucha yanachimba mifereji miwili kwenye theluji, na sleji inasogea nusu inchi, inchi moja, inchi mbili, kisha haisimami tena.

Anapofika kwenye rundo la kuni lililowekwa alama ya yadi 100, kofia na glavu zinaruka hewani, na watu wanashikana mikono bila kuangalia ni nani wanayemshika. Thornton yuko chini, paji la uso kwa paji la uso na mbwa wake, analia. Tajiri mmoja anampa dola 1,000 amuuzie Buck, anapanda hadi 1,200. Thornton anamfukuza kwa maneno makali.

Ninachokipenda ni kwamba London hatuelezi mapenzi. Anaonyesha mbwa anayebana glavu.

Kuna filamu ngapi?

Nyingi, na ubora haulingani. Ukiona ya mwaka 1908 ya D. W. Griffith yenye jina hilohilo, iache, haihusiani na Buck. Filamu ya kwanza ya kweli ni ya mwaka 1923, isiyo na sauti, iliyoongozwa na Fred Jackman katika studio za Hal Roach, na Buck akichezwa na Saint Bernard halisi.

Ya mwaka 1935 iliongozwa na William Wellman, na nyota ni Clark Gable na Loretta Young. Kisa cha magunia kimo. Ila filamu imempa Thornton mwanamke wa kumpenda, na mara nyingi mbwa anakaa pembeni akisubiri wakubwa wamalize mazungumzo yao. Ni filamu nzuri ya Clark Gable, si hadithi ya Buck.

Ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Ken Annakin, ina Charlton Heston, na Buck kageuzwa kuwa mbwa wa aina ya German Shepherd. Sioni sababu ya kuitafuta. Ya televisheni ya mwaka 1997 ina Rutger Hauer kama Thornton, na sauti ya Richard Dreyfuss ikisimulia. Ndiyo ninayowaelekeza watu wanaotaka kitu kinachofuata kitabu, kwa sababu msimulizi anaruhusu kamera ibaki kwa mbwa bila kumlazimisha aigize binadamu. Kisha kuna ya mwaka 2020, ambayo ina swali lake.

Kwa nini Buck wa 2020 anaonekana kama katuni?

Kwa sababu ametengenezwa kwa kompyuta. Mwongozaji, Chris Sanders, alitoka kwenye filamu za katuni, na hii ilikuwa yake ya kwanza yenye waigizaji wa kawaida. Mbele ya Harrison Ford hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na Terry Notary, mwigizaji wa kiume aliyetambaa kwa miguu na mikono ili Ford apate mtu wa kumtazama machoni na kumpapasa, kisha wataalamu wakaweka mbwa mahali pake.

Nina heshima kwa uamuzi huo kwa upande mmoja: hakuna mnyama aliyeteswa ili mtazamaji aone rungu likishuka. Nimeguswa pia na Omar Sy kama Perrault, ambaye ana furaha ya kweli kwa kila barua anayoifikisha. Lakini nyusi za Buck huyu zinapanda na kushuka kama za mtu. Anashangaa, anasikitika, anamhurumia mlevi. Filamu imepoteza kile ambacho London alikipigania.

Na alikipigania hadharani. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliwashambulia waandishi wanaowapa wanyama akili za watu, na London alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1908 alijibu kwamba ndani ya hadithi zake alikuwa akirudia makusudi sentensi ya aina moja: mbwa hakuyafikiri mambo haya, aliyatenda tu. Aliirudia hata pale ilipoharibu mwendo wa maandishi, ili msomaji asijisahau. Soma kitabu ukiwa na jambo hili akilini. Utaona dunia kutoka kimo cha goti la mtu: harufu, sauti za buti, mkono unaokuja na usijue una samaki au una fimbo. Filamu karibu zote huinua kamera mpaka kwenye uso wa binadamu.

Buck ndiye Balto?

Hapana. Balto na Togo walikuwa mbwa wa kweli, walioshiriki mwaka 1925 kupeleka dawa ya dondakoo hadi mji wa Nome, Alaska. Balto alikamilisha kipande cha mwisho na kupata sifa. Togo, mbwa wa mwendesha sleji Leonhard Seppala, alikimbia kipande kirefu na cha hatari zaidi. Kila mmoja ana filamu yake, ya Balto mwaka 1995 na ya Togo mwaka 2019. Ya Togo naipendekeza kwa moyo wote.

Na White Fang?

Ni kitabu cha London cha mwaka 1906, na kinakwenda njia ya kinyume: mnyama wa porini anayeishia California kwenye nyumba ya jaji. Visome vyote viwili, ila anza na cha Buck.

Mwanangu ana miaka minane. Nimwonyeshe?

Filamu ya 2020, ndiyo, na ukae naye. Kitabu, subiri mpaka miaka 11 au 12, au msomee mwenyewe. Kuna damu. Curly, mbwa jike mpole, anararuliwa na kundi siku ya kwanza kabisa ufukweni Dyea, Alaska. Dave anaumwa na bado anang'ang'ania kufungwa mahali pake kwenye sleji mpaka hawezi kusimama tena, na nimewahi kushindwa kuimalizia sura hiyo kwa sauti.

Lakini usidhani ni huzuni tupu. Miguu ya Buck ilikuwa laini, haikuzoea barafu, basi François alikata sehemu za juu za viatu vyake mwenyewe vya ngozi na kumshonea viatu vinne. Asubuhi moja akasahau kumvalisha. Buck alilala chali, miguu minne juu, akiipungapunga hewani, na akakataa katakata kuondoka bila viatu. Mpwa wangu wa kiume alitaka nisome kipande hicho mara tatu mfululizo.

Naruhusiwa kuitafsiri kwa Kiswahili?

Ndiyo. London alifariki mwaka 1916 na hakimiliki imekwisha, hivyo huhitaji ruhusa ya mtu. Maandishi kamili ya Kiingereza yanapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ukifanya hivyo, usihangaike na amri za mbwa kama "Gee" na "Haw". Ni kulia na kushoto tu. "Mush" inatokana na Kifaransa, maana yake twende. Kazi ngumu itakuwa ile sheria ya rungu na meno inayotajwa kila mara. Mimi ningeiacha hivyohivyo, bila mapambo.

Kwa nini filamu hubadilisha mwisho?

Kwenye kitabu, Buck anakaa siku nne akimwinda kulungu mkubwa wa kaskazini, dume lenye pembe pana. Anaporudi kambini, Thornton ameuawa na watu wanaoitwa Yeehat. Buck anawavamia, anaua, kisha anaingia kwenye kundi la mbwa mwitu.

Hao Yeehat hawakuwahi kuwepo. London aliwabuni, na hakuwapa jina la mtu, lugha wala sababu. Wenyeji wa kweli wa eneo la Dawson ni Tr'ondëk Hwëch'in, na jina Klondike lenyewe ni matamshi mabovu ya jina lao la mto. Rashi iliwaondoa mahali pao pa uvuvi, na kiongozi wao, Chifu Isaac, akawahamishia Moosehide, kilomita chache chini ya mto. Mwaka 2023 UNESCO iliitambua Tr'ondëk-Klondike kuwa urithi wa dunia. Kwa hiyo filamu ya 2020 ilipoamua kwamba muuaji awe Hal, ilisahihisha kosa la kweli, na naiunga mkono kwa hilo. Ya 1935 ilifanya jambo jingine: ilimwacha Thornton hai, na hapo naona imekata mti kwenye shina. Thornton akibaki, Buck ana nyumba, na mwito hauna maana.

Kisichofanyiwa haki na filamu yoyote niliyoiona ni ukurasa wa mwisho. Kila kiangazi mnyama mmoja mkubwa anashuka peke yake kwenye bonde lile. Kuna mifuko ya ngozi iliyooza, dhahabu ya Thornton na wenzake inamwagika chini kwa rangi ya manjano, na nyasi ndefu zimeota juu yake na kuificha isipate jua. Anakaa hapo kitambo, analia mara moja, mlio mrefu, kisha anaondoka.